Ukingo wa kloki ya pikseli: tuutaje kwa upande wa anayetoa au anayesoma?

Mleta mada: Wakuu, juzi nilikesha na kioo cha 800 kwa 480 kwenye bodi ya Linux. Picha inakuja, rangi zipo, ila pembeni mwa herufi kuna chenga kama TV ya antena. Datashiti ya kioo (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) inasema data inasomwa kwenye ukingo wa kushuka, yaani pale kloki, ile mipigo inayoongoza kila pikseli, inaposhuka. Kwenye faili la bodi (linaloieleza Linux vifaa vilivyopo) nikakuta `pixelclk-active`, nikaweka 0, nikijua 0 ndiyo kushuka. Kumbe 1 ndiyo kidhibiti cha picha cha bodi kinatoa data kloki ikipanda ili kioo kisome ikishuka! Mtengeneza kioo anaongea kama msomaji, Linux inaongea kama mtoaji. Nasema hivi: jina lolote lisilotaja nani anafanya nini lifutwe.

Mchangiaji 1: Taratibu mkuu. Faili la bodi ni mkataba, na vifaa viko kwa watu. Ukigeuza maana ya 0 na 1, mtu anasasisha karneli (kiini cha Linux) usiku, asubuhi kioo chake kizima kina chenga.

Mleta mada: Sijasema tugeuze namba. Ndani ya karneli lilikuwepo jina DRM_BUS_FLAG_PIXDATA_POSEDGE (POSEDGE ni ukingo wa kupanda, NEGEDGE wa kushuka), halisemi ukingo huo ni wa nani. Likaachwa, yakaja ya DRIVE (kutoa) na ya SAMPLE (kusoma). SAMPLE_POSEDGE ina thamani ile ile ya DRIVE_NEGEDGE, kwa hiyo mwenye datashiti mkononi ananakili alichokisoma, kugeuza kumeshafanywa. Kuna bodi iliyokufa hapo?

Mchangiaji 2: Mnajipa tabu bure. Jaribu 0, jaribu 1, yenye picha safi ndiyo hiyo hiyo. Miaka yote nafanya hivyo.

Mleta mada: Na ndiyo maana vifaa vinarudi kwa fundi. Piga hesabu: kioo hiki, ukijumlisha na nafasi tupu za pembeni, ni 1056 × 525 × 60, karibu MHz 33.3. Mpigo mmoja ni nanosekunde 30 hivi, nusu yake 15. Ukitoa data kwenye ukingo ule ule ambao kioo kinasomea, kinasoma wakati data inabadilika. Mezani, ucheleweshaji mdogo wa kebo unaweza kukubeba ukaona safi kabisa. Kifungie ndani ya boksi lipate joto, ndipo utajua ulibahatisha.

Mchangiaji 1: Hapo kwenye joto nakubali. Lakini hayo majina mazuri ni ya anayeandika draiva. Sisi wa faili la bodi tumebaki na 0 na 1 tupu, na siafiki tuongezewe sifa ya pili yenye maana ile ile. Zikipingana, draiva imsikilize nani?

Mleta mada: Swali zuri hilo, jibu sina. Kwangu nimeweka 1, na juu yake nimeandika: "kioo kinasoma kloki ikishuka".