Makumbusho yetu Arusha yanataka mfumo wa kutunza picha kidijitali, naombeni ushauri

Kigoda_Chuga
Habari zenu wakuu. Nipo kwenye makumbusho madogo hapa Arusha, upande wa makusanyo. Tuko watatu, na mzee wetu mmoja anayestaafu Desemba.

Picha za karatasi zipo kama 6,000 kwenye maboksi. Nyingine zimetawanyika kwenye diski nne, kompyuta ya mapokezi na simu za watu. Majina ya mafaili ni vituko: "kigoda mpya", "kigoda mpya ya mwisho", "kigoda ya mwisho KABISA". Mwezi uliopita mtu anayetengeneza kitabu cha shule aliomba picha ya kigoda cha mzee wa Kimeru. Tulihangaika siku tatu, tukaishia kumpa iliyopitia WhatsApp. Akairudisha, ikichapwa ni ukungu mtupu. Nzuri ilikuja kuonekana kwenye flashi ya dereva. Sitanii.

Sasa bosi amepata fungu, anataka tununue huu mfumo wenyewe wanaouita DAM, yaani ghala la kidijitali la picha na maelezo yake, na hela itumike kabla ya 30 Juni. Muuzaji ameshakuja na projekta yake, kila kitu kinang'aa. Nimuulize nini? Nawasilisha.

Fundi_Seva
Mkuu, muulize hivi: siku mkiachana, picha zenu pamoja na maelezo yake mnaondoka nazo vipi? Akianza kuzungukazunguka, achana naye.

Ipo ResourceSpace, programu huria, leseni hulipii. Ila neno bure lisikulevye, inataka seva na mtu wa kuihudumia ikigoma. Halafu piga hesabu ya nafasi. Picha ya saizi ya postikadi, ukiiskani kwa rangi, doti 600 kwa inchi, ukaihifadhi kama TIFF, lile faili kubwa lisilopoteza ubora, ni kama MB 25. Zako 6,000 ni GB 150, na hapo ni nakala moja. Unatakiwa kuwa na tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. JPEG, zile nyepesi zilizobanwa, ni za kutumia watu tu, TIFF haiguswi. Na UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nunua kabla ya yote, umeme wetu unaujua.

Bibi_Kumbukumbu
Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya kumbukumbu hapa Moshi mpaka mvi zimeota. Naona mnaongelea chombo tu, mzee mmemruka. Ukitafuta "kigoda" utaletewa kigoda kama kuna mtu aliandika neno hilo. Jina la aliyekikalia analo mzee kichwani, na Desemba anaondoka nalo.

Kaeni naye kila asubuhi, boksi moja moja, simu inarekodi. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, wino marufuku. La kwanza kabisa ni namba ya usajili. Kigoda kikiwa 1987.14.3, yaani kitu cha 3 katika mzigo wa 14 uliopokelewa 1987, basi faili iitwe 1987-14-3_01. Hapo picha na kitu chenyewe hazipotezani tena. Halafu: ni nani, wapi, lini, nani alipiga, haki ni ya nani, nani aruhusiwe kuiona. Dublin Core, ule mwongozo wa kimataifa wa kuandika maelezo ya picha na nyaraka, ina vipengele 15, wewe anza na hivyo saba.

Ngaramtoni_1
Hilo la nani aruhusiwe kuiona lisipite hivihivi. Kwenye maboksi kama hayo hazikosekani picha za jando. Wazee wetu hawakupigwa picha hizo ili kila mtoto azione mtandaoni. Uliza kama mfumo unafungia picha moja moja au folda nzima tu.

Mpita_Njia
Mnasema vizuri, ila 30 Juni haimsubiri mzee.

Fundi_Seva
Ndiyo maana anunue vitu sasa: skana, UPS, diski. Amuone tu mhasibu kama fungu linaruhusu. Mfumo wajaribu kwa picha chache kwanza.

Kigoda_Chuga
Mrejesho. Bosi alinuna siku mbili, kisha akakubali. Skana na UPS zinanunuliwa, mfumo tutaujaribu kwa picha 200. Muuzaji nilipomuuliza la kuachana, alisema atanipigia. Mpaka leo.

Jana nimekaa na mzee, asubuhi nzima picha 34 tu. Moja nyuma imeandikwa "Mkutano, Arusha, 1965". Akaisogeza dirishani, akavaa miwani, akaguna: "Hili bango linaunga mkono Azimio. Azimio ni la 1967. Hii 65 imetoka wapi?" Nimeipita picha hiyo miaka minne, bango sikuwahi kulisoma.

Bibi, shikamoo. Hiyo 1965 niifute?

Bibi_Kumbukumbu
Marahaba. Usifute. Kwenye tarehe weka "1967 au baadaye", kwenye maelezo andika "nyuma imeandikwa 1965". Ongeza jina la mzee na siku aliyosahihisha.