Naomba ushauri: dada yangu ana MS na joto linamzidishia

Habari zenu ndugu zangu. Dada yangu ana miaka 31, huu ni mwezi wa pili tangu aambiwe ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa mfumo wa neva). Daktari alitueleza kuwa kinga ya mwili inashambulia mailini, ule utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, hivyo ujumbe unachelewa au unakatika njiani. Ilianza jicho la kulia: maumivu akilizungusha, kisha rangi nyekundu akaiona imepauka. Alipigwa picha ya MRI, akapewa dripu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) siku 3, jicho likarudi.

Kinachotuchanganya ni joto. Akioga maji ya moto ukungu unarudi jichoni, miguu inakuwa mizito. Juzi vidole vilishindwa kufunga vifungo vya blauzi, nikamfungia. Akipoa, ndani ya saa moja ametulia. Maji ya vuguvugu na feni vinasaidia. Uchovu ndio haushikiki, na inaniuma sana watu wakimwita mvivu.

Wenye uzoefu, mnatofautishaje dalili za joto na shambulio jipya, na mnampigia daktari wakati gani? Na uchovu mnaukabili vipi mkiwa kazini?