Brashi za ndevu za manyoya ya baja zinazonyonyoka: tupeane uzoefu

Mtanga_London
Wakuu, leo nimesuuza brashi nikaona sinki imejaa nywele kama paka kaogeshwa humo. Ni brashi ya manyoya ya baja (yule mnyama Waingereza wanamwita badger), imeandikwa Silvertip, yaani daraja la juu, mpini mzito, boksi lake limetandikwa kitambaa ndani, na bei ilinifanya nifikirie mara mbili. Duka linaniambia "itatulia." Miezi inapita, haitulii. Wenye hizi brashi, zenu zilitulia? Tupeane uzoefu, maana inauma kununua kitu cha hadhi kikakuaibisha kila asubuhi.

Kinyozi_Kariakoo
Mkuu, wiki za mwanzo kunyonyoka kidogo ni kawaida. Zile nywele ambazo gundi haikuzishika zinatoka, zinaisha. Ikiendelea miezi, hilo ni tatizo. Fanya hivi: okota zilizotoka, zilaze juu ya karatasi nyeupe. Nywele ya baja ina ncha nyeupe, utepe mweusi katikati, na shina lililopauka. Ukiona sehemu zote tatu zipo, imechomoka nzima kwenye gundi, na hilo ni kosa la aliyeitengeneza. Ukiona vipande vifupi, imekatika, hapo tuulize maji yako na mkono wako.

Bi_Tumu
Ya baba watoto nayo hivyo hivyo. Kila siku nafuta bafu.

Msafi_Arusha
Wengi mnaziunguza. Maji yanayotoka kwenye birika likichemka hayafai, manyoya ni manyoya. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Na acheni kuikandamiza usoni mpaka nywele zinalala pande zote, pakeni kwa ncha.

Abu_Ruwi
Jamani, kabla ya gundi hakikisheni si nguruwe. Brashi nyingi za bei nafuu ni nywele za nguruwe. Hapa Muscat namuuliza muuzaji kwanza, akisitasita naondoka.

Kijana_Ilala
Sheikh, mada ni kunyonyoka.

Abu_Ruwi
Mdogo wangu, kitu kinapita mdomoni mwangu kila asubuhi, nisiulize kimetoka kwa mnyama gani? Hiyo ndiyo mada yenyewe.

Bi_Tumu
Sheikh kasema kweli. Kwani baja ndiye nyegere wetu?

Msafi_Arusha
Hapana dada, ni mnyama mwingine. Manyoya mengi ya brashi hizi yanatoka China, hata brashi iliyotengenezwa Uingereza. Kule Uingereza baja analindwa na sheria ya mwaka 1992.

Kaka_wa_Bwana_Harusi
Mmenikumbusha harusi ya mdogo wangu, Kibokoni, Mombasa. Shemeji aliye ughaibuni alituma brashi ya baja iwe zawadi ya kunyolewa bwana harusi. Kinyozi wetu, mzee mwenye mkono mwepesi, akaichovya, akazungusha sabuni kwenye bakuli, povu likapanda mpaka wazee wakasifu. Akaanza shavu la kulia. Nikaona mistari myeusi ndani ya povu, nikadhani ndevu. Kumbe nywele za brashi! Zimeingia mdomoni, zimenasa puani, bwana harusi anatema huku kanzu yake imetundikwa pale pale. Mzee akaona aikung'ute zitoke zilizolegea. Akakung'uta mara moja. Kichwa kizima kikachomoka kwenye mpini, kikaruka, kikatua kwenye sinia ya halua.

Kina mama nje walikuwa katika vigelegele. Waliposikia kelele wakanyamaza, wakajua kijana kakatwa na wembe. Shangazi akaingia mbio bila hodi, kumkuta mpwa wake nusu uso povu, kinyozi kashika kijiti kitupu.

Nikachungulia ndani ya mpini. Gundi ilikuwa duara jembamba pembezoni tu. Katikati pakavu, unga mweupe unamwagika. Nywele zilibanwa nyingi mno ili brashi ionekane nene, gundi haikupenya. Mpaka leo nikisikia neno "nene" kwenye brashi naingiwa na hasira.

Kijana_Ilala
Halua ikawaje?

Kaka_wa_Bwana_Harusi
Sinia lile liliondolewa. Kulikuwa na jingine.

Bi_Tumu
Alhamdulillah. Na bwana harusi alimaliziwa na nini?

Kaka_wa_Bwana_Harusi
Mkono wa kinyozi, kama wazee wetu wa zamani walivyofanya. Alitoka anang'aa.

Mwalimu_Mstaafu
Udanganyifu wa brashi haukuanza leo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za ndevu. Nyingine zilikuwa nywele za farasi zilizofanywa zifanane na baja. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za ndevu kutoka Japani kwa sababu ya kimeta hicho. Na hayo majina ya madaraja, Pure, Best, Super, Silvertip, hayana kipimo kimoja cha wote, kila mtengenezaji anajipangia. Nunueni kwa anayekubali kurudishiwa.

Fundi_Mwanza
Chomoa kichwa, weka epoksi, rudisha. Siku mbili iko imara.

Kinyozi_Kariakoo
Usithubutu. Ukigusa gundi wewe, dhamana imekufa.

Msafi_Arusha
Mtanga, maji ya London yana chokaa. Inaganda shinani pamoja na sabuni. Loweka kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, ining'inize kichwa chini.

Kinyozi_Kariakoo
Siki sawa. Kuning'iniza si lazima, muhimu ikauke penye hewa. Dukani kwangu nimehamia nywele za plastiki, hazinyonyoki kirahisi, na kuzisafisha kati ya mteja na mteja ni rahisi.

Abu_Ruwi
Na hazina nguruwe.

Mtanga_London
Nimeziweka kwenye karatasi. Zote nzima, na shinani zina kitone cha gundi. Nimewatumia duka picha, wamekubali kubadilisha ila nilipie posta mwenyewe. Nilipe?

Bi_Tumu
Walipe wao. Kosa ni lao.

Kinyozi_Kariakoo
Dada yuko sahihi. Waandikie tena na hizo picha, na nywele zenyewe zifunge kwenye bahasha usizitupe.