Mguu mmoja umevimba baada ya safari ya Moshi–Dar, nina mtoto wa wiki 5. Niende hospitali usiku huu?

Mama Kichanga
Heri ya mwaka mpya ndugu zangu. Naombeni ushauri wa haraka, nimechanganyikiwa.

Nina miaka 34, nilijifungua kwa upasuaji mwishoni mwa Novemba. Baba watoto ni mtu wa Rombo, babu alitaka kumwona mjukuu, basi Krismasi tukapanda. Tumerudi tarehe 2. Tulitoka Moshi alfajiri, foleni njia nzima, tukaingia Mbezi usiku. Nilikaa dirishani mtoto mapajani, nikashuka mara moja tu pale Korogwe. Maji nilikunywa kidogo sana ili nisihangaike na choo.

Tangu juzi kigimbi cha mguu wa kushoto kimejaa, kimekaza na kina joto. Nikikanyaga nasikia maumivu hadi nyuma ya goti. Wa kulia uko kawaida kabisa. Zahanati ya mtaani wameniambia ni uchovu wa safari, wakanipa diklofenaki. Sasa mama mkwe, ambaye yuko hapa kunilea, ameshachemsha maji na kuandaa mafuta ya nazi anikande. Huyu mama ananihudumia usiku na mchana, sitaki kumvunjia heshima. Na ada ya mkubwa inadaiwa wiki ijayo.

Bint Pangani
Pole mama. Mimi nikisafiri mbali miguu hujaa hivyo hivyo. Weka kwenye maji ya moto yenye chumvi, kesho utaamka mzima.

Muuguzi wa Zamu
Bint Pangani, samahani, hapo sikubaliani nawe. Ya kwako huvimba yote miwili, na asubuhi inanywea. Ya mwenzetu ni mguu mmoja, una joto, unauma, na ametoka kujifungua.

Mama Kichanga, USIKANDWE. Usichuliwe wala usipigwe maji ya moto. Dalili hizo zinafanana na damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Mimba na uzazi huifanya damu igande upesi, na hatari huwa kubwa hasa wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua. Ongeza upasuaji, kukaa kitini kutwa nzima na kutokunywa maji. Donge likichomoka linapanda hadi kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa ghafla.

Nenda usiku huu huu, usisubiri kupambazuke. Tafuta hospitali yenye kipimo cha ultrasaundi ya mishipa. Ni mashine kama ile ya ujauzito, ila inaangalia damu inavyopita mguuni. Kama uko Mbezi, Mloganzila si mbali. Ukianza kukosa pumzi, kifua kuchoma ukivuta hewa, au kukohoa damu, usitafute bodaboda. Pata gari.

Mzee wa Same
Mwanangu, msikilize huyo muuguzi. Mdogo wangu wa kike aliumwa mguu namna hiyo baada ya uzazi wake wa pili. Tulimkanda siku tatu. Siku ya nne akaanza kuhema, hatukufika naye hospitali. Sisemi kukanda ndiko kulikomuua. Ninachojua ni zile siku tatu tulizokaa naye nyumbani. Wazee walivyosema mzazi atulie ndani hadi arobaini walikuwa na maana yao. Ada ya mtoto shule itasubiri.

Mama Kichanga
Natetemeka. Mama mkwe nimwambieje? Na nikipewa dawa, nitamwachisha mtoto ziwa?

Muuguzi wa Zamu
Dawa za kuzuia damu kuganda, yaani sindano za heparini na vidonge vya warfarini, hazizuii kunyonyesha. Watajie kwamba unanyonyesha, na hiyo diklofenaki uwaonyeshe, maana haiendi vizuri na dawa hizo. Mama mkwe usimwachie maelezo ya simu. Mwambie, "Mama, nisindikize, naogopa." Yeye ndiye atakayekushikia mtoto.

Mama Kichanga
MREJESHO. Tulifika saa 5 usiku. Wamekuta damu imeganda kuanzia nyuma ya goti hadi juu kidogo ya paja. Nimeanza sindano, nitaendelea na vidonge si chini ya miezi 3, huku nikipimwa damu mara kwa mara. Mama mkwe alikaa na mtoto kwenye benchi hadi asubuhi, akawa ananiletea ninyonyeshe. Daktari alipomweleza, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama alishawahi kunikanda huo mguu. Nikamwambia hapana, mama, bado. Akalia.

Mzee wa Same, pole sana kwa mdogo wako. Kisa chako ndicho kilichoninyanyua kitandani.

Nimeambiwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni nisitumie tena. Waliopitia hali hii, mlichagua njia gani?