Tumestaafu, tumehamia kwenye Coaster mimi na mke wangu. Friji ya gesi au ya umeme?

Mstaafu wa Kibaha
Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, mke wangu alikuwa karani wa mahakama. Watoto wetu wanne wako Moshi, Mwanza, Mbeya na Nairobi. Tumechoka kungoja Krismasi ndipo tuwaone wajukuu, kwa hiyo tumeamua mwaka huu gari ndiyo nyumba. Tukifika kwa mtoto tunapaki uani kwake na tunalala kwetu, mkwe asipate la kusema.

Gari ni Coaster, injini 1HZ, dizeli. Viti vimeng'olewa, kuna kitanda, jiko la plati mbili na mtungi wa kilo 6, tangi la maji la lita 100, choo cha ndoo na maranda ya mbao. Friji iliyopo ni ndogo ya umeme, lita 40. Niibakize au nichukue ya gesi? Friji ni lazima, hilo lisijadiliwe.

La pili ni dogo. Usiku ndani kunanuka kama mayai viza. Mama anasema ni choo, mimi nasema si choo. Tunaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, Mungu akipenda.

Kahawa Chungu
Shikamoo mwalimu. Kabla hatujafika kwenye choo, maharage ya jioni mnakula saa ngapi?

Mpiga Bomba
Acheni utani, harufu ya namna hiyo unaanza kushuku gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, na kitanda kiko huko huko chini. Chukua sabuni ya unga na maji, koroga mpaka ipate povu zito, paka kwenye regyuleta, kwenye vibano vya mpira na kwenye kila kiungo mtungi ukiwa umefunguliwa. Povu likitoa mapovu mapya, hapo ndipo. Usitafute kwa kiberiti. Mtungi ukae kwenye kasha lake lililozibwa upande wa ndani ya gari, na sakafu ya kasha iwe na tundu linalotokea nje chini, tundu la kuingia vidole viwili. Mpira ukiwa na nyufa badilisha, usifunge utepe.

Mstaafu wa Kibaha
Marahaba vijana. Povu nimepaka leo mchana, hakuna kitu. Maharage tunakula mchana.

Mwana wa Kibaigwa
Mzee samahani, lakini umri huu ni wa kutulia. Mkupuo wenyewe wa pensheni tangu kikokotoo kibadilishwe 2022 ni wa kuhesabia vidole, wewe unaumwaga kwenye dizeli? Ungefuga kuku, ukahudumu kanisani, wajukuu wakaja wenyewe. Mbona Ibrahimu aliondoka Harani akiwa na miaka 75 lakini alikuwa ameitwa? Wewe nani kakuita?

Mstaafu wa Kibaha
Nyumba nimeshapangisha, mpangaji kalipa mwaka mzima na anaingia mwisho wa mwezi. Hilo limepita. Usharika umeshatupa barua ya utambulisho, na mchungaji ametuombea na gari lenyewe. Nauliza friji.

Baridi Sana
Friji basi. Ya gesi haina kompresa, inafanya kazi kwa kuchemsha amonia, na ina masharti matatu. Isimame sawa, ikiinama nyuzi chache tu upoaji unakufa. Ipate bomba la kutoa moshi nje. Na iwe imezimwa gari linapotembea, maana ni moto wa wazi. Juu ya hayo, joto la nje likipita nyuzi 35 inahema tu. Ndani ya Coaster iliyopaki juani Morogoro utapita hapo mapema. Ya kompresa inavumilia mteremko na joto, inakula wati 45 hadi 60 ikiwa inazunguka. Bakiza ya umeme. Umeiunganisha vipi?

Mstaafu wa Kibaha
Fundi aliiunganisha kwenye betri za gari moja kwa moja, volti 12. Inawaka vizuri.

Bi Shufaa wa Ngamiani
Asalaam alaykum baba. Mimi friji sijui, nataka mlale salama. Msilale kando ya barabara kuu hata mkichoka vipi, malori usiku yanapaki bila taa. Fikeni kabla ya saa kumi na moja jioni. Pa kulala ni uwanja wa kanisa au msikiti kwa idhini ya wenyewe, kituo cha mafuta chenye mlinzi, au kituo cha polisi. Kijijini mnaanza kwa mwenyekiti au mtendaji, mnajiandikisha kwenye kitabu cha wageni, ndipo mnashusha mapazia. Misikiti ya barabarani ina maji na vyoo, mkiomba kwa adabu hamnyimwi, na sadaka kidogo kwenye sanduku si vibaya hata kwa Mlutheri.

Gia ya Pili
Njia ya Mbeya. Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50, ukigonga mnyama kuna faini yake, na tembo havuki kwenye kibao. Kitonga ukitokea Dar unapanda. Zima AC, shuka gia mapema kabla injini haijaanza kulalamika, angalia mshale wa joto. Ukimaliza kupanda, simama, acha injini ilie taratibu dakika kadhaa, na kifuniko cha rejeta usikiguse. Wakati wa kurudi unashuka. Kaa kwenye gia ile ile uliyopandia, breki ya ekzosti imewashwa, na breki ya mguu unaigonga na kuiachia. Anayeikanyaga mfululizo anapika ngozi za breki, zikishapata moto pedali inakuwa ngumu lakini gari halisimami.

Mkanda wa taimingi wa 1HZ unabadilishwa kila kilomita 100,000. Kama aliyekuuzia hana ushahidi, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hilo si la kutengenezea Ruaha Mbuyuni.

Na leseni je? Coaster ukiing'oa viti haigeuki Noah. Kama una daraja D la gari dogo, kaulize uongezewe. Badilisha na maelezo ya gari kwenye usajili na kwenye bima. Siku ya ajali bima inatafuta viti 29 vilivyoandikwa, inakuta kitanda.

Wa Kitengela
Mzee wangu, ukija huku Nairobi kupitia Namanga, chukua Yellow Card ya COMESA kwa kampuni yako ya bima kabla ya mpaka. Bima yako ya kawaida inaishia hapo getini. Na kama kadi ya gari bado ina jina la aliyekuuzia, beba barua yake ya idhini yenye muhuri wa wakili, la sivyo utalala Namanga na mama anakuangalia tu.

Jicho la Tatu
Mimi nimekwama kwenye neno moja. "Friji ni lazima, hilo lisijadiliwe." Kwa nini? Samaki mnaweza kukausha, maziwa yanauzwa kila kijiji, mboga mnanunua za siku. Watu wawili friji ya nini?

Mstaafu wa Kibaha
Kuna dawa.

Jicho la Tatu
Dawa gani na ya nani?

Mstaafu wa Kibaha
Insulini. Yangu.

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo mwalimu. Na dereva ni nani?

Mstaafu wa Kibaha
Marahaba. Dereva ni mimi. Mama hajawahi kushika usukani. Lakini nimeendesha tangu ujana bila ajali, na kisukari changu ni cha utulivu. Mwanangu wa Moshi alitaka kutupa kijana wa kutuendesha, nikakataa. Sikustaafu ili nilale chumba kimoja na kijana wa watu. Haya, tuendelee na friji.

Kahawa Chungu
"Kisukari cha utulivu." Mwalimu umetunga hapo.

Muuguzi wa Zamu
Tuanze na dawa kwa kuwa ndiyo unayotaka. Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda mara moja tu, tupa, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Usiiegemeze kwenye ukuta wa friji, barafu inaanzia pale. Iweke kwenye kikopo katikati, na kipimajoto cha bei ndogo kando yake, usiamini namba ya mlangoni. Uliyoifungua haihitaji friji, kwa aina nyingi inavumilia wiki nne hivi joto lisipozidi nyuzi 30, soma karatasi yake. Usiiache kwenye dashibodi. Friji likifa, chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati kinapoza vizuri Dodoma na Singida kwa sababu hewa ni kavu. Tanga na Dar hakikusaidii, maji hayakauki.

Sasa dereva. Unapima sukari ya damu kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa mbili njiani. Chini ya 5 (kipimo cha mmol/L) unakula kwanza. Chini ya 4 huendeshi. Ikikushika barabarani: paki, zima, toa ufunguo, hama kiti. Sukari vijiko vitatu vya chai kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida, ile isiyo na sukari haina kazi hapa. Dakika 15, pima tena. Ikipanda kula mkate au ndizi, kisha subiri dakika 45 hata kama unajisikia mzima, maana kichwa kinachelewa nyuma ya namba. Sukari ikae mlango wa dereva, isikae kabatini.

Na jibu hili moja: ikishuka, unahisi mwenyewe? Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio?

Mstaafu wa Kibaha
Mara nyingi. Mara nyingine mama ndiye anajua, anasema naanza kuongea sana.

Kahawa Chungu
Mwalimu na mzee wa kanisa. Mama anajuaje tofauti?

Waya Mwekundu
Wakuu, mnachoshwa bure. Hii chai. Nimesoma uzi mzima mara mbili. Coaster za 1HZ zinazotoka Japani umeme wake ni volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa mfululizo. Huyu anasema friji iko "kwenye betri za gari moja kwa moja, volti 12" na inawaka vizuri, konveta ya kushusha 24 kuwa 12 hajaitaja. Hiyo haiwezekani. Kijana yupo Sinza na bando la usiku, hana Coaster, hana mke, labda kisukari tu ndiyo anacho kwa chai anayotupikia.

Mwana wa Kibaigwa
Nilijua tu. Nirudishiwe Ibrahimu wangu.

Mstaafu wa Kibaha
Kijana, sina umri wa kutunga. Betri ziko mbili, fundi alizitoa kwenye kasha la nje kwa sababu ya wezi, akaziweka ndani chini ya kitanda. Waya wa friji ameuchukua kwenye betri moja. Ndiyo maana nikasema 12.

Waya Mwekundu
Subiri. Chini ya kitanda? Na friji inanyonya betri moja tu? Una multimita?

Mstaafu wa Kibaha
Ya mpangaji, ni fundi redio.

Waya Mwekundu
Fungua milango yote na madirisha, kaa nusu saa, ndipo uwashe injini. Pima kila betri peke yake, usipime zote kwa pamoja.

Mstaafu wa Kibaha
Yenye friji 12.7. Nyingine 15.4. Nyingine hii ina moto na ubavu umetuna.

Waya Mwekundu
Zima injini sasa hivi. Shikamoo mzee, chai nimeinywa mimi.

Harufu yako ndiyo hiyo. Oltaneta inatoa volti 28 kwa betri mbili, haijui nani amechoka. Friji inaikausha ya kwanza, kwa hiyo inabaki chini, na ziada yote inaangukia ya pili. Betri ya asidi ikipita volti 15 inachemka. Inatoa hewa ya mayai viza na nyingine isiyonuka inayolipuka kwa cheche. Mmelalia hiyo, na jiko la gesi liko mita mbili.

Usiwashe taa, feni wala jiko mpaka hewa iishe. Vaa miwani na glavu. Fungua waya wa hasi unaoenda kwenye bodi kwanza, chanya baadaye. Iliyotuna usiichaji tena wala kuitikisa. Asidi ikidondoka mwagia magadi soda na maji. Nunua mbili mpya za aina moja na siku moja, ukichanganya mpya na kuukuu unarudi hapa hapa. Zirudishe kasha la nje, wezi wafungie kufuli.

Kisha soma kibandiko nyuma ya friji.

Mstaafu wa Kibaha
Kimeandikwa DC 12/24V.

Waya Mwekundu
Yaani fundi alikuua bure. Friji nyingi za gari za kompresa zinakula zote mbili. Kwa haraka, chukua chanya ya betri ya juu, yaani ile ambayo hasi yake haiendi kwenye bodi, na hasi ya bodi, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, waya wa milimita 4 za mraba. Waya mwembamba wa 1.5 unapoteza volti njiani, friji linajizima saa tisa usiku huku betri bado ina umeme.

Lakini kwa dawa usitegemee betri za kuwashia. Weka ya kwake: lithiamu ya volti 12 (halisi ni 12.8), ampea-saa 100, hiyo ni kama wati-saa 1,280. Friji hilo kwenye joto linakula kama 600 kwa siku. Paneli ya wati 300 juu ya paa inarudisha hizo siku ya jua na kubakiza, na mawingu ya Tukuyu unayastahimili siku mbili hivi. Kidhibiti chaji cha sola aina ya MPPT, kinachovuna umeme zaidi kwenye paneli, fyuzi ya ampea 30 ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Usiunganishe popote na umeme wa gari.

Muuguzi wa Zamu
Umeme umeisha. Swali langu halijaisha. "Mara nyingi" si jibu, mwalimu. Asiyeihisi sukari ikishuka haendeshi, awe na friji au asiwe nalo. Nenda kliniki na kitabu chako cha vipimo kabla ya Jumamosi, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyotuambia, na mama awepo.

Mstaafu wa Kibaha
Mama amesoma uzi wote juu ya bega langu. Ufunguo wa gari kauchukua na hasemi kauweka wapi. Choo kimesafishiwa jina, hilo tumekubaliana.

Kwa hiyo swali jipya. Dereva wa kukodi kwa vipande virefu tu, Kibaha hadi Iringa, Iringa hadi Mbeya, siku nyingine hatumhitaji. Analipwa kwa siku au kwa kilomita? Na usiku analala wapi?

Gia ya Pili
Kwa siku, na nauli ya kumrudisha ni juu yako, andikianeni. Aangaliwe leseni yake na si maneno yake. Usiku mlipie gesti, dereva aliyelala vibaya ni tatizo lile lile bila sukari.

Kahawa Chungu
Au chini ya kitanda. Betri si zimetoka?