Kwantaizi inaharibu baakisimba kwenye FL Studio

Ngoma_Jinja: Ndugu, nimepiga baakisimba (mdundo wa ngoma wa Buganda) kwa kibodi ya midi kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, tempo 110. Nikibonyeza Ctrl+Q (kwantaizi, yaani kuvuta noti hadi kwenye mistari ya gridi) mdundo unachechemea. Nisogeze noti moja moja?

fundi_wa_biti: Utakesha bure! Gridi yako inagawa biti mara nne, baakisimba inataka tatu. Kwa PPQ 96 (biti moja ina vipande 96), noti tatu zilizo sawa hukaa 0, 32 na 64. Gridi ya robo inazivuta hadi 0, 24 na 72, kwa hiyo nafasi zinakuwa 24, 48, 24. Huko ndiko kuchechemea. Tendua kwa Ctrl+Z, fungua piano roli (dirisha la kuhariri noti), bonyeza alama ya sumaku, chagua 1/3 ya biti, ndipo Ctrl+Q. Penye mapigo ya haraka chagua noti hizo tu, utumie 1/6.

SautiMbarara: Sawa, ila Ctrl+Q inavuta noti hadi kwenye mstari kabisa, na ngoma inakauka. Afadhali Alt+Q, inayofungua dirisha la kwantaizi, ushushe nobu ya muda wa kuanza hadi kama 70%. Halafu kagua noti zilizopandana: mbili za sauti ile ile zikivutwa mahali pamoja, pigo hilo linalia kwa nguvu au kama limepitia bombani. Futa moja. Velositi (nguvu ya kila pigo) usizilinganishe, acha mpigo wa kwanza uzidi.

Ngoma_Jinja: 1/3 imekubali. Na engalabi (ile ngoma ndefu), inaingia kwenye gridi hiyo hiyo?

fundi_wa_biti: Iweke kwenye patani yake, yaani kipande chake cha noti. Ianze na 1/6.

Ngoma_Jinja: Weebale nnyo.