Mjadala: Je, kwaya na okestra za Nairobi ziwatengee wanawake nafasi za uongozi?

Sauti ya Pili, Umoja

Nimeimba sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, miaka 19 katika kwaya tatu za jiji hili. Katika zote tatu wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume, na katika zote tatu aliyesimama mbele yetu kuongoza alikuwa mwanamume. Naileta hoja hii hapa kwa sababu nimechoka kuisikia ikinong'onwa kwenye ngazi za kanisa baada ya mazoezi.

Nilikuwa msaidizi wa mwalimu wa kwaya, yule anayeongoza, kwa miaka 6. Nilifundisha sauti ya kwanza na ya pili, nikanakili noti za solfa usiku, nikatoa toni siku ambazo mpiga kinanda hakufika. Mwalimu alipohamishwa kikazi, kamati ilimpa nafasi yake kijana wa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, aliyekuwa nasi miezi 8. Nilielezwa kwamba mazoezi huisha saa tatu usiku nami nina mtoto mchanga. Walijua nina mtoto; hawakuniuliza kama nimepata wa kumwangalia. Yule kijana simlaumu. Wiki ya pili alinijia akaniomba nimpitishe kwenye sauti za wanawake, na nilimpitisha.

Msimamo wangu: nafasi zitengwe, lakini tuanzie kwa msaidizi. Mpiga kinanda akitaka kujifunza hujifungia chumbani na kinanda chake. Mwongozaji hana chombo cha kujifungia nacho, maana chombo chake ni watu 40 waliopanda matatu wakaja. Mimi nimeongoza sana mbele ya kioo. Kioo hakishuki toni katikati ya wimbo, hakina sauti ya nne inayoburuta, hakikuangalii kwa mashaka ukiinua mkono. Hayo utayajua mbele ya watu tu, na anayeamua nani asimame mbele ya watu kwa dakika 20 Jumatano jioni ni mwalimu aliyepo. Humwita anayemkumbusha ujana wake. Miaka kumi ikipita tunaambiwa wanawake wenye uzoefu hawapo. Watatoka wapi?

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba kila kwaya yenye mwalimu mwanamume iwe na msaidizi mwanamke, na dakika zake za kuongoza ziandikwe kwenye ratiba ya mazoezi, zisiwe hisani. Mwongozaji wa okestra Marin Alsop wa Marekani alianzisha mwaka 2002 mpango wa kuwanoa waongozaji wanawake kwa njia hiyo hiyo: mwalimu, ufadhili na okestra ya kujifunzia. Mwaka 2007 yeye mwenyewe akawa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa okestra kubwa ya Marekani, ile ya Baltimore. Tamasha la muziki wa okestra la Proms la London, lililoanza 1895, lilimpata mwanamke wa kwanza wa kuongoza usiku wake wa mwisho mwaka 2013, naye alikuwa huyo huyo.

Sauti ya Nne, Kahawa West

Dada, pole kwa hayo. Nakupinga lakini nakuheshimu.

Kwaya ikiimba nikiwa nimefumba macho, sitajua nani anaiongoza. Mwamuzi wa Tamasha la Muziki la Kenya hatoi alama kwa jinsia. Halafu wanawake wa Nairobi wameshatuonyesha. Elizabeth Njoroge alianzisha mradi wa muziki wa Ghetto Classics kule kwenye mtaa wa mabanda wa Korogocho mwaka 2008, na leo watoto wa pale wanapiga fidla na tarumbeta. Mwaka huo huo mwanamuziki Muthoni Drummer Queen alianzisha tamasha la muziki la Blankets & Wine. Nani aliwatengea?

Na kutenga tumeshajaribu. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kuitekeleza, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Ikiwa Bunge limeshindwa, kamati ya kwaya itaweza?

Mwalimu wa Shule, Dagoretti

Nichangie kidogo. Shuleni naongoza watoto 50 hadi jukwaa la tamasha, na hakuna aliyewahi kuniambia mkono wangu mwepesi. Jumapili kanisani naambiwa nigawe vitabu. Ni mkono ule ule.

Jambo jingine ni pesa. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Mwalimu wa kwaya anayepewa posho ndani ya bahasha hana mkataba wa kuonyesha mtu yeyote. Akijifungua, bahasha inakwenda kwa mwingine, na akirudi anamkuta huyo mwingine ameshazoeleka. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi, na kamati inaweza kulirekebisha kwa karatasi moja iliyotiwa sahihi.

Sauti ya Pili, Umoja

Asante, Mwalimu. Hilo la mkataba sikulifikiria, na ningeliweka juu kuliko langu.

Kaka wa Kahawa, hao uliowataja nawastahi sana, lakini angalia ulichosema: ni waanzilishi. Wao wamejenga nyumba kuanzia msingi. Kijana wa sauti ya tatu hakujenga chochote, alikaribishwa ndani ya nyumba iliyokuwapo. Kwa nini mlango wa mwanamke uwe ule wa kujenga peke yake?

Bunge ni watu wanaogombea viti vyao wenyewe. Kwaya yangu ni watu 43 wanaojuana kwa majina ya watoto wao. Na kuhusu kufumba macho, nakubaliana nawe kabisa: siku ile kamati ilipoamua, hakuna aliyefumba macho akatusikiliza sisi wawili. Ningeshindwa hivyo, ningenyamaza.

Sauti ya Nne, Kahawa West

Hilo la mwisho limenishika, sina jibu lake.

Bado sitaki cheo kitengwe. Dakika za mazoezi, sawa, naziunga mkono. Kwetu mazoezi huanza saa kumi na mbili na nusu jioni, na nimeimba hapo miaka 11 bila kuuliza nani aliichagua saa hiyo. Kamati inakutana Alhamisi. Nitauliza kwa nini tusifanye mazoezi Jumamosi saa nane mchana.